Vijiti Kumi na Kimoja

Picha ile bado ninayo kwenye simu. Mtoto wa dada yangu amefumba macho, kinywa wazi, na mkono wangu umeshika kipande cha keki kilichokatwa kwenye kichwa cha lori. Nyuma yake bibi yake anapiga makofi. Midomo ya mtoto inang'aa rangi ya fedha, maana alikwisha kulilamba tairi la mbele hata kabla hatujaimba. Aliyepiga picha hiyo aliniambia baadaye kwamba alibonyeza, akainua macho, na mtoto alikuwa tayari anatoka damu.

Ilikuwa Lugarawa, wilayani Ludewa, mwezi wa Julai, siku mtoto alipotimiza miaka minne. Nayaandika haya kwa ajili ya kila mama, kila shangazi na kila fundi keki anayeombwa keki ya gari, ya mdoli, ya simba au ya uwanja wa mpira. Niliyoyafanya siku ile nayaona yakifanywa kila wiki, na wanaoyafanya ni watu wenye mapenzi na mikono mizuri.

Anayeishi mkoa wa Njombe hatauliza kwa nini mtoto alitaka lori. Malori ya magogo na mbao hapa kwetu yanapita mchana na usiku kuelekea Makambako, pale barabara ya Songea inapoikuta barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA. Mtoto huyu alikuwa akikaa barazani kwa bibi yake anayahesabu. Alijua la tairi sita na la tairi kumi kabla hajajua rangi. Mama yake alipomuuliza anataka nini siku yake ya kuzaliwa, akajibu: "Fuso ya magogo. Mama mdogo atanipikia."

Dada akanipigia simu Makambako, ninakoishi na kuuza keki. Akanitumia na picha, sijui aliipata kwa nani: lori jekundu la keki limesimama juu ya magurudumu yake kabisa, chini ya tumbo lake unaona mwanga, rimu zinang'aa kama kioo.

"Utaiweza hii, mdogo wangu?"

"Nitaiweza, dada."

Kuanzia hapo kila nilichoamua nilikiamua kwa kuitazama ile picha. Hakuna saa hata moja niliyokaa nikamfikiria mtoto wa miaka minne akitafuna. Ndilo kosa lenyewe, na mengine yote yalizaliwa humo.

Nianze na keki. Vipimo nilivyotumia nilipewa na mwenzangu wa Dar es Salaam, na kule kwao vinatoa keki nzuri sana, laini, iliyochangamka. Lakini Dar es Salaam iko usawa wa bahari na sisi tuko mlimani. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu, Makambako iko chini kidogo ya hapo. Kwa kimo hicho mkandamizo wa hewa ni mdogo, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100, na gesi ya beking pauda inatanuka zaidi ya inavyotanuka pwani. Keki inapanda haraka, inajaa matundu kabla kuta zake hazijakaza, kisha inabonyea katikati. Hata isipobonyea inabaki nyepesi kama sponji la kuoshea vyombo. Kwa keki ya duara ya kuliwa nyumbani si neno. Kwa keki ya kuchonga ni hasara, kwa sababu kisu kikipita inatoa makombo tu, na pembe haikai.

Huku juu mpishi hupunguza beking pauda kwa robo hivi, huongeza vijiko viwili vitatu vya maziwa maana unyevu unakimbia upesi, na moto huupandisha kidogo ili keki ishike mapema. Na kama ni ya kuchonga, afadhali aiache kabisa keki laini. Achukue ile ya zamani ya uzito sawa: mayai matano uyapime, kisha siagi, sukari na unga kila kimoja uzito uleule, ambao utakuwa gramu 250 hivi. Ni keki nzito, haina mbwembwe. Ukiilaza usiku mmoja mahali pa baridi, na Julai hapa kwetu hata kabati ni friji, asubuhi unaichonga kama seremala anavyofuata alama: karatasi iliyokatwa umbo juu yake, kisu cha mkate chenye meno, unaondoa kidogo kidogo kwenye pembe, hukati pande kubwa kwa mara moja. Kisha koti la kwanza la krimu, jembamba, la kukamata makombo. Unaiacha ikaze. Ndipo unavalisha fondanti, lile koti la juu la sukari.

Hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyafundisha watu. Ila nilikuwa na oda nyingine mbili siku hiyo, unga wa keki ya pwani ulikuwa umeshachanganywa, nikasema itafaa.

Haikufaa. Kichwa cha lori kilianza kuinama mbele nikiwa bado nakichonga. Nikachukua kijiti cha mishikaki, nikakipitisha kutoka juu hadi kwenye ubao wa chini. Kikasimama. Tela nayo ikawa inapasuka katikati, kwa sababu nilitaka tumbo la lori lisiguse ubao, kama kwenye picha. Vijiti vingine. Magogo yaliteleza, nikayashikiza. Nilikuwa navikata kwa plaizi kulingana na urefu ninaoutaka, upande butu natupa, upande wenye ncha naubakiza, kwa kuwa ncha ndiyo inayopenya keki bila kuivunja. Sikuhesabu. Nani anahesabu vijiti vya mishikaki?

Kuna na safari. Kutoka Makambako unakwenda hadi Njombe, unaingia Itoni, unaishika barabara ya Ludewa kupitia Lusitu, na Mkiu unaiacha unakata kwenda Lugarawa. Kona, mteremko, kona. Jioni kabla ya kuondoka niliiwazia ile njia, nikaongeza vijiti kwenye kichwa cha lori, vya kukata pembe, ili gari likiyumba kisihame. Kwa nje hakuna aliyeweza kuviona. Fondanti nyekundu ilivifunika vyote, nikapitisha kidole juu ya kila tundu hadi likapotea, na nakumbuka nilijisikia vizuri kwa jinsi palivyokuwa safi.

Mwisho rimu. Rangi ya fedha niliipata kwenye kikopo kidogo, unga mwembamba unaong'aa ambao wenyewe tunauita glita. Niliuchanganya na matone ya limao nikapaka kwa brashi. Kwenye kikopo paliandikwa kwa Kiingereza kwamba hauna sumu.

Lori lilifika zima. Hata ufa haukuwepo. Watoto wa jirani waliingia sebuleni wakanyamaza kimya, na mtoto mwenyewe alilizunguka mara mbili bila kuligusa, kisha akainama akalilamba tairi, watu wakacheka. Tukaimba. Akashikishwa kisu, mkono wa mama yake juu ya wake, wakakata. Kisha tukaanza kulishana kama desturi: mtoto akamlisha mama, akamlisha baba, akamlisha bibi. Zamu ya kumlisha yeye ikaanza na mimi, kwa heshima ya aliyepika. Watu wakasema apewe pazuri. Nikakata kichwa cha lori, pale penye fondanti nene na dirisha la sukari, nikampelekea mdomoni. Na kwa sababu simu zilikuwa zimeinuliwa, nikakisukuma kipande ndani kidogo, akijaze kinywa, picha ipendeze.

Alipouma, kijiti kilisimama wima kati ya ulimi na kaakaa. Meno yakafunga. Ncha ikaingia juu.

Nilikivuta kwa mkono wangu. Bibi yake akataka kumtia kidole kooni kama wazee wetu walivyozoea, shemeji akamzuia. Baadaye tuliambiwa hospitalini kwamba yote mawili ni ya kuepuka. Kitu kilichochoma na kukwama kinaachwa kilivyo, mtoto anapelekwa, kwa sababu kukivuta kunaweza kufungua mshipa uliokuwa umezibwa nacho. Na kidole kinachopapasa kooni bila kuona kinasukuma kitu mbele zaidi. Mtoto anayeweza kukohoa na kulia aachwe akohoe, ainamishwe mbele, asilazwe chali.

Lugarawa tunashukuru, hospitali ya misheni iko palepale. Tabibu alimpokea, akawasha tochi, akachukua kile kibao cha mti cha kubonyezea ulimi. Mtoto alipoona mti unaelekea mdomoni mwake alifunga meno, na hakuna aliyeweza kuyafungua. Tabibu akakiweka kibao pembeni, akaomba kijiko, akatumia mpini. Kaakaa lilikuwa limechanika urefu wa punje mbili za mchele. Halikutoboka hadi juu, wala jeraha halikuwa nyuma karibu na koo, kunakopita mishipa mikubwa. Kisha akanigeukia.

"Mama, kwenye keki kulikuwa na vijiti vingapi?"

"Labda vinane. Au kumi."

"Vimetoka vingapi?"

Nikamwonyesha kile nilichokivuta, bado kiko kwenye leso. Akaniambia kwa upole neno ambalo nawaomba mafundi keki wenzangu walishike: mti hauonekani vizuri kwenye eksirei. Shilingi iliyomezwa na mtoto itang'aa kwenye picha. Kijiti cha mbao kinaweza kupita humo pasionekane kitu, huku tumboni kikisafiri na ncha yake na kutoboa utumbo siku kadhaa baadaye, wakati wenyewe mmeshasahau sherehe. Kwa hiyo njia ya uhakika ya kujua kama kimemezwa kingine ni hesabu ya aliyevitia. Na aliyevitia ni mimi, sikuwa na hesabu.

Nilitoka nje nikampigia binti yangu Makambako. Nikamwambia aende kwenye ndoo ya taka ya jikoni, atafute vipande vya vijiti vilivyokatwa kwa plaizi, vile butu. Kila kijiti nilikuwa nimekikata mara moja tu, kwa hiyo kila kilichoingia kwenye keki kilimwachia mwenzake kwenye ndoo. Nilimsikia akimwaga taka sakafuni. Maganda ya mayai, karatasi. Akawa anahesabu kwa sauti, anarudia, anaanza upya. "Mama, viko kumi na kimoja."

Nyumbani shemeji aliiweka keki yote kwenye sinia, akaisaga kwa mikono hadi ikawa makombo. Wageni walikuwa bado wamesimama sebuleni. Lori jekundu, magogo, dirisha la sukari, vyote vikawa uji mwekundu kwenye sinia la pilau. Akatoa vijiti saba. Kisha viwili. Kisha kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, na mimi nilikuwa kwenye benchi la hospitali nimeshika simu sikioni. Cha kumi kilikuwa kimelala ndani ya gogo, ambalo mtoto wa jirani alikuwa ameliomba akaenda nalo mlangoni. Walimnyang'anya kabla hajaliuma.

Kumi, na kile cha kwenye leso.

Watu husema mtoto akililia wembe mpe. Huyu wetu hakulilia wembe. Aliomba lori, na wembe niliutia mimi ndani yake, nikaufukia, nikapitisha kidole juu ili usionekane.

Jambo la pili lilikuja wakati muuguzi anamsafisha mtoto midomo. Chachi ikageuka rangi ya fedha. "Na hii nini?" akauliza. Nikakitoa kikopo kwenye mkoba. Tabibu akakigeuza huku na huku akitafuta orodha ya viambato. Haikuwepo. Akanirudishia bila kusema lolote, na kule kunyamaza ndiko kulikonifanya nikatafute habari za unga ule.

Oktoba 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa taarifa ya visa viwili. Cha kwanza ni cha jimbo la Rhode Island, mwaka 2018: watoto sita, mdogo mwaka mmoja na mkubwa miaka 11, walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa kung'aa kwa wingi. Unga ule ulipopimwa ulikutwa na shaba nyingi. Cha pili ni cha Missouri, mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi kwenye damu, na walipofuatilia chanzo wakafika kwenye unga wa njano uliopamba keki yake ya siku ya kuzaliwa. Robo ya unga ule ilikuwa risasi. Shaba angalau inapiga kelele, tumbo linaikataa siku hiyohiyo. Risasi inakaa kimya. Inaingia kwenye ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kinachoweza kumponza mtu ni maneno kama yale niliyoyasoma mimi kwenye kikopo changu. "Hauna sumu" ni maneno yanayoandikwa hata kwenye gundi ya watoto wa shule na kwenye kalamu za rangi. Yanamaanisha kwamba ukikigusa, ukakifanyia kazi za mikono, hakitakudhuru. Hayamaanishi kwamba kitu hicho ni chakula. Kilicho chakula kitaandikwa kwamba kinaliwa, na kitakuwa na orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi kama pakiti ya biskuti. Hapa kwetu ukaguzi wa ubora na usalama wa vyakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019, lakini kikopo cha glita hakiuzwi kama chakula. Kinauzwa pamoja na riboni na maputo. Mimi ndiye niliyekigeuza kuwa chakula nilipokipaka kwenye tairi la biskuti.

Mtoto alilala hospitali usiku mmoja, mama yake kitandani pamoja naye, mimi kwenye kiti. Wiki mbili alikula uji wa vuguvugu na viazi vya kupondwa. Kaakaa la mtoto linapona haraka, Mungu ameliumba hivyo. Midomo niliifuta mwenyewe tena na tena usiku ule kwa pamba na maji, hata baada ya pamba kutoka nyeupe.

Tangu hapo sijaacha kuchonga keki. Nimeacha kuzisimamisha angani. Lori langu linalala tumbo lake juu ya ubao, magurudumu ni biskuti zilizobandikwa ubavuni, na sijaona mtoto aliyelalamika kwamba chini ya lori hakuna mwanga. Rimu ni fondanti ya kijivu, nyeupe na tone la rangi nyeusi ya chakula. Keki ikilazimika kuwa na ghorofa natumia mirija minene ya plastiki, yenye rangi kali, haina ncha, na ukikata keki unaiona papo hapo. Idadi yake naiandika kwa kalamu kwenye kifuniko cha boksi: MIRIJA 4. Anayepokea namwomba asome kwa sauti mbele yangu. Na kabla mtoto hajakabidhiwa kisu, mtu mzima anaing'oa yote na kuipanga mezani tuione. Wateja wengine hawapendi, wanasema inaharibu mandhari. Wawili wamehamia kwa mafundi wengine. Nawatakia heri, ila mirija yangu itaendelea kung'olewa.

Kwa dada yangu sipeleki tena keki iliyokwisha kuvalishwa. Nabeba vipande vizito vya uzito sawa vimefungwa karatasi, nafika Lugarawa, navilaza usiku kwenye friji ya dada inayoendeshwa na umeme wa mto Madope, na asubuhi nachonga palepale mezani. Keki isiyosafiri haihitaji nguzo. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwaka ule wa kwanza.

Mtoto alipotimiza miaka mitano aliomba basi. Alisimama karibu yangu tangu naanza kuchonga, mikono nyuma, akifuata kila mkato wa kisu.

"Mama mdogo, humo ndani kuna miti?"

"Hakuna, mwanangu. Njoo uone."

Nikampasulia kipande cha mbele, nikakivunja katikati kwa vidole. Akachungulia ndani. Kisha akanisukumia mkono kuelekea mdomoni mwangu, akasubiri nitafune, nimeze, nifungue kinywa. Alipomaliza kukagua akafumba macho, akafungua chake.